Inchi Moja

Mwishoni mwa mwaka 1974, kiwanda cha MG pale Abingdon, Uingereza, kilianza kutoa gari la spoti lililoinuliwa inchi moja. Milimita 25. Upana wa kidole gumba, na kidogo juu yake. Likikupita barabarani huwezi kuona tofauti, lakini dereva aliyezoea lile la zamani aliihisi kwenye kona.

Naandika kuhusu hiyo inchi kwa sababu mtaani siku hizi wasee wanalipa pesa nzuri kwenda upande ule mwingine: chini. Ukikaa kando ya Thika Road Jumapili jioni utaziona, ndai zimeshushwa mpaka tairi imemezwa na bodi. Na ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: gari likiwa chini linashika barabara. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo kwenye hadithi ya gari hili la Waingereza, kwa sababu ni nadra kupata gari moja ambalo kimo chake kilibadilishwa likiwa bado linatengenezwa, kwa sababu zisizohusiana kabisa na uendeshaji, kisha madereva wakaachwa na matokeo.

Gari lenyewe ni MGB. Lilizinduliwa mwaka 1962: viti viwili, juu wazi, injini ya sisi 1798. Halikuwa gari la tajiri. Lilikuwa gari la kijana mwenye kazi ya kawaida anayetaka kuonekana Jumamosi, na ndiyo maana liliuzwa kuliko magari mengi ya aina yake. Hadi linaachwa kutengenezwa, zaidi ya MGB laki tano zilikuwa zimetoka kiwandani, na soko lake kubwa kabisa lilikuwa Marekani.

Chini yake hakukuwa na maajabu. Mbele kulikuwa na springi za koili na mikono ya chuma inayoshikilia kila gurudumu. Nyuma kulikuwa na ekseli moja ngumu iliyofungwa juu ya springi za mabapa, vile vyuma virefu vilivyopindwa na kupangwa kimoja juu ya kingine, kama vilivyo chini ya pikapu ya kubeba viazi. Teknolojia ya kizamani, hata kwa miaka hiyo. Lakini mainjinia wa Abingdon, wakiongozwa na Syd Enever, waliipanga vizuri. MGB halikuwa na kasi ya kutisha, ila lilikuwa gari unaloweza kulisoma: likianza kuteleza linakuambia mapema, na unalirudisha kwa mikono yako mwenyewe.

Halafu sheria ikaja.

Kuanzia modeli za mwaka 1973, serikali ya Marekani ilitaka bampa ya mbele ya gari iweze kugongwa kwa mwendo wa maili 5 kwa saa bila taa na vifaa vingine vya usalama kuharibika. Baadaye kipimo kikafafanuliwa zaidi: nyundo ya majaribio ingepiga bampa katika kimo cha kati ya inchi 16 na 20 kutoka ardhini. Kulikuwa pia na sheria kuhusu kimo cha taa. Haikuwa sheria ya kijinga. Wazo ni kwamba bampa ya gari moja ikutane na bampa ya gari lingine, isiingie chini yake. Shida ni kwamba gari la spoti la mwaka 1962 lilichorwa wakati hakuna mtu aliyekuwa akiwaza mambo hayo, na lilikuwa chini mno.

Kampuni iliyomiliki MG, British Leyland, ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchora upya sehemu ya mbele ya gari. Hiyo ni pesa, na pesa hawakuwa nazo; mwaka 1975 serikali ya Uingereza ililazimika kuichukua kampuni hiyo ili isianguke. Ya pili ilikuwa kubandika bampa nene nyeusi zenye chuma ndani, kisha kuliinua gari zima inchi moja. Wakachagua ya pili. Na kwa sababu kila senti ilihesabiwa, kwenye modeli ya 1975 wakaondoa pia stebilaiza ya mbele, kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona. Ukiitaka, unalipa kando.

Kwa hiyo gari likawa refu zaidi, zito zaidi kwenye ncha zake, na likanyang'anywa chuma kilicholizuia kulala. Na si Wamarekani peke yao waliopata gari hilo. Mwingereza aliyenunua MGB mpya jijini London alipewa kimo kile kile, kwa sheria ya nchi ambayo pengine hakuwahi kuikanyaga.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hesabu hii niliielewa nikiwa nimelala chini ya gari, si darasani, kwa hivyo usiogope.

Gari likipiga kona, uzito unahama kutoka kwa magurudumu ya ndani kwenda ya nje. Kiasi kinachohama kinategemea vitu vinne: uzito wa gari, ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzito, na upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Unazidisha vitatu vya kwanza, unagawanya kwa cha nne. Basi.

Chukua gari la kilo 1,000, karibu na uzito wa MGB. Upana wa magurudumu, mita 1.25. Tuseme kitovu cha uzito kiko sentimita 50 kutoka ardhini, na kona inakusukuma pembeni kwa nguvu ya asilimia 70 ya uzito wako, yaani kona kali kweli. Uzito unaohama ni kilo 280. Sasa inua gari inchi moja, kitovu kiwe sentimita 52.5. Uzito unaohama unakuwa kilo 294.

Tofauti ni kilo 14. Pakiti saba za unga wa ugali. Asilimia 5.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Tunadhani kimo ni kila kitu, kwa sababu ndicho tunachokiona. Kumbe ukiangalia uzito unaohama peke yake, inchi moja ni kitu kidogo. Kilo 14 haziwezi kulifanya gari linaloeleweka liwe gari la kukutia wasiwasi. Kuna kitu kingine kilivunjika.

Kilichovunjika ni pembe za vyuma.

Rudi kwenye zile springi za mabapa za nyuma. Ncha yake ya mbele imefungwa kwenye bodi, na ekseli inapanda na kushuka kwa kuzunguka hapo, kama mlango kwenye bawaba. Ukiinua bodi, bawaba inapanda juu kuliko ekseli. Sasa gari likilala kwenye kona, upande wa nje unabonyea na ekseli upande huo inasogea nyuma kidogo. Upande wa ndani unafunguka na ekseli inasogea mbele kidogo. Matokeo ni kwamba ekseli nzima inakaa mshazari. Magurudumu ya nyuma, ambayo hayajaunganishwa na usukani wowote, yanaanza kupiga kona yao wenyewe, na yanaelekea nje. Sehemu ya nyuma inataka kupita ya mbele.

Kadiri gari linavyolala zaidi, ndivyo ekseli inavyopinda zaidi. Na wao walikuwa wameondoa stebilaiza, chuma ambacho kazi yake pekee ni kuzuia kulala. Kuinua peke yake kungevumilika. Kuondoa stebilaiza peke yake pia kungevumilika; baadhi ya MGB za mwanzo kabisa ziliuzwa bila hiyo. Lakini ukiweka yote mawili pamoja, moja linalisha lingine.

Walivyolitibu ndiko kunakofundisha zaidi. Mwaka 1976, kwa modeli za 1977, Abingdon walirekebisha suspensheni. Stebilaiza ya mbele ikarudi kwa kila gari, na ya nyuma, ambayo MGB halikuwa nayo awali, ikaongezwa. Gari likatulia kwa kiasi kikubwa. Lakini angalia vizuri: hawakulishusha. Ile inchi ilibaki pale pale mpaka kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980. Waliponya gari bila kugusa kimo chake, kwa kuzuia lile jambo ambalo kimo kilikuwa kinalichochea.

Baada ya hapo gari likaingia mikononi mwa wenyewe. Hadi leo Uingereza na Marekani kuna biashara kamili ya vipuri vya kuirudisha MGB chini: springi fupi za mbele, springi za nyuma zisizopinda sana, vipande vya chuma vya kuweka kati ya springi na ekseli. Na waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi wamegundua ugonjwa mwingine, ule wa upande wa pili. Ukishusha zaidi ya ile inchi iliyoongezwa, nafasi ya springi kubonyea inaisha. Chini ya kila gari kuna raba ya kuzuia chuma kisigonge chuma. Gari likishushwa mno, raba hiyo inafikiwa mapema, na ikifikiwa katikati ya kona, springi inageuka kuwa jiwe. Tairi iliyokuwa inafuata barabara inaanza kuruka juu yake.

Kwa hiyo inchi moja juu iliharibu gari, na inchi mbili chini zinaweza kuliharibu pia. Kila gari lina kimo ambacho vyuma vyake vilipangwa kufanyia kazi, na ukikihamisha lazima uhamishe na vile vingine.

Sisi tulipaswa kuwa tunajua hili kuliko mtu yeyote, kwa sababu miaka hiyo hiyo magari ya spoti yalikuwa yanainuliwa hapa kwetu kwa makusudi, na yalikuwa yanashinda.

Datsun 240Z lilikuwa jibu la Wajapani kwa magari kama MGB: viti viwili, boneti ndefu, silinda sita. Mwaka 1971 Datsun walilileta kwenye East African Safari Rally, mbio zilizokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanzania kwa maelfu ya kilomita za vumbi, matope na mawe. Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa gari kama hilo hilo. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda kwa 240Z, baada ya kufungana kwa alama na Harry Källström, ambaye pia alikuwa kwenye Datsun.

Gari la Safari halikuwa na kimo cha gari la dukani. Lilinuliwa ili tumbo lisikwaruze mawe. Porsche walipokuja mwaka 1978 na 911 SC walifanya vivyo hivyo, wakaliweka tumbo la gari karibu sentimita 28 kutoka ardhini, na Vic Preston Jr akamaliza wa pili. Hayo ni magari ambayo dunia nzima inayatamani yakiwa chini, na wataalamu waliyainua.

Kimo kile kilikuwa na bei, nao waliijua bei hiyo. Gari refu linalala zaidi. Lakini hawakuinua kimo peke yake kisha wakaenda nyumbani. Walibadilisha springi, shoki na vishikizo vyake, wakaongeza ngao ya chuma chini ya injini, wakajaribu, wakarudi, wakajaribu tena. Na waliinua kwa sababu barabara iliwaambia waiinue. British Leyland waliinua kwa sababu karatasi iliwaambia, na wakaacha mengine yajitafutie njia.

Sasa tuje Nairobi ya leo, tujiulize sisi tunashusha kama nani.

Sina ugomvi na anayeshusha gari kwa sababu linapendeza. Gari likiwa chini linapendeza, wacha tusidanganyane. Umefanya kazi miaka mitano, umenunua gari lililotumika Japani, unataka lifanane nawe. Hiyo ni haki yako. Ninachokataa ni ile sentensi inayofuata, kwamba kwa kuwa liko chini basi lazima linashika kona.

Magari mengi tunayoyashusha yana suspensheni ya mbele tofauti na ya MGB. Shoki na springi ni nguzo moja iliyosimama, na chini kuna mkono mmoja wa chuma unaoshikilia gurudumu. 240Z lilikuwa hivyo, na Impreza ni hivyo hadi leo. Kiwandani, mkono huo huwekwa ukiinama kidogo kuelekea gurudumu. Kuinama huko kunaamua mahali ilipo bawaba isiyoonekana ambayo bodi inalalia kwenye kona. Ukishusha gari, mkono unanyooka, kisha unaanza kuinamia upande usiofaa. Na ile bawaba inashuka haraka kuliko gari lenyewe.

Tuchukue mfano wa namba. Tuseme kitovu cha uzito kiko sentimita 50 juu na bawaba iko sentimita 10. Kati yao kuna sentimita 40. Hiyo ndiyo fimbo ambayo uzito unaitumia kuisukuma bodi ilale. Sasa shusha gari sentimita 4. Kitovu kinakuwa 46. Lakini bawaba, kwa sababu ya pembe za mkono, inaweza kushuka sentimita 8 na kubaki 2. Fimbo sasa ni sentimita 44. Umeshusha gari, na umeupa uzito fimbo ndefu zaidi ya kulilaza.

Hausikii hilo kwa sababu springi za kushushia huwa ngumu, na ugumu unaficha kosa. Gari halilali, linagonga. Unatoka barabara ya lami laini ukidhani umepata gari la mbio, kisha unakutana na barabara yetu halisi.

Binamu yangu alikutana nayo akiteremka kwenda Mai Mahiu. Gari lilikuwa limebadilishwa springi tu, shoki zilikuwa zile zile za zamani. Katikati ya kona kulikuwa na lami iliyofura kutokana na malori, kitu kidogo ambacho gari la kawaida lingekimeza. Raba zikafikiwa, nyuma ikaruka nusu upana wa gari, na upande ule hauna kitu ila bonde. Binti yake wa miaka minne alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Alicheka, alidhani ni mchezo. Baba yake alisimamisha gari penye maduka ya watalii na akakaa pale nusu saa bila kuongea.

Na hapo hatujafika kwa wale wanaokata springi. Ukikata koili mbili, springi inakuwa fupi na pia inakuwa ngumu zaidi, hiyo ni fizikia. Lakini ncha yake haikalii vizuri tena, na gurudumu likining'inia kwenye shimo refu, springi inaweza kutoka mahali pake. Kuna pia usukani: mikono yake inakuwa na pembe tofauti na ule mkono wa chini, kwa hivyo kila tuta linageuza magurudumu kidogo bila wewe kugusa kitu. Kuna tairi zinazoisha upande wa ndani huku upande wa nje ukionekana mpya, na unaambiwa ni tairi mbovu.

Dawa zipo, na hazina siri. Kuna boljointi ndefu zinazorudisha pembe ya mkono wa chini. Kuna shoki zilizotengenezwa kwa ajili ya springi fupi. Kuna stebilaiza nene, ambayo mara nyingi itakupa kile ulichokuwa unakitafuta kwenye kona bila kushusha gari hata sentimita moja, kama vile Abingdon walivyofanya mwaka 1976. Na kuna kushusha kwa kiasi, sentimita mbili au tatu, badala ya kusubiri mpaka ngumi isipite kati ya tairi na bodi.

Binamu yangu alilipandisha lake nusu ya njia na akanunua shoki zinazofaa. Ilimgharimu kuliko kulishusha. Vijana wa stejini walimuuliza kama ameanza kuzeeka.

Ukitaka kushusha lako, usimuulize fundi litafika chini kiasi gani. Mwambie aliache magurudumu yote manne yakiwa chini, kwenye sakafu iliyo sawa, kisha ulale kifudifudi mbele ya gari na tochi ya simu yako, uangalie ule mkono wa chini unaokwenda kwenye gurudumu. Kumbuka umeinama vipi kabla ya kazi kuanza. Piga picha. Kazi ikiisha, lala tena hapo hapo na uangalie kabla hujatoa pesa mfukoni. Kama sasa unapanda kuelekea gurudumu, muulize fundi ataurudisha na nini. Akicheka, chukua ufunguo wako.